Mpaka Baridi Iishe

Mapacha wa Salme walizaliwa miezi miwili kabla ya siku zao, mwezi wa Mei mwaka 1970, wakakaa hospitali wiki saba ndani ya visanduku vya kioo. Msichana, Saleha, aliruhusiwa akiwa na pauni tano. Mvulana, Twahir, hakufika hata nne na nusu, tena alikuwa na jambo lililomnyima mamake usingizi: alikuwa akisahau kuvuta pumzi.

"Ukiona amenyamaza na midomo inabadilika rangi, mkune hapa," nesi Virginia alimwonyesha asubuhi ya kuondoka, akikwaruza wayo wa mtoto kwa ukucha. Twahir akashtuka, akavuta hewa. "Usingoje mtu. Na hii baridi, mama, ndiyo mbaya kwao. Moshi pia. Jiko isilale ndani ya nyumba."

Salme aliitikia huku akiifikiria nyumba yenyewe. Vyumba viwili vya mabati huko Kawangware, na upepo wa Julai unaopenya kila tundu la msumari. Yeye mzaliwa wa Malindi, hata mwili wake mwenyewe ulikuwa haujaizoea baridi hiyo.

Taib, mumewe, karani wa ofisi moja mjini, alikuja kuwachukua kwa teksi. Hakuja peke yake. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameketi dada yake mkubwa, Khamisa, na blanketi jipya la manjano magotini. Khamisa ndiye aliyemlea Taib baada ya mama yao kufa. Alikuwa na miaka kumi na miwili katika ndoa na Sharif, mwenye duka la vitambaa karibu na Msikiti wa Jamia, na mimba zake zote zilikuwa zimeharibika.

"Wifi," alisema Khamisa, "kwangu ni nyumba ya mawe, ghorofani, na hita ya stima ipo. Nipe mmoja nikusaidie, mpaka baridi iishe. Wawili hutawaweza."

Salme akamtazama mumewe. Taib alikuwa akitazama nje.

"Ni kweli," akasema Taib. "Kwa muda tu."

Salme akapiga moyo konde. Kila baada ya saa mbili, vinywa viwili vya kulisha kwa kijiko, tone baada ya tone, na ule wayo wa kuukuna. "Basi mchukue Twahir. Yeye ndiye anayehitaji joto zaidi."

Khamisa akarudisha mikono nyuma. "Huyo ananitisha, wifi. Akinifia mikononi, utanisamehe? Nipe msichana."

Salme akaona ni maneno ya haki. Akambusu Saleha utosini, akampa. Kwa mikono yake mwenyewe. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba hakunyang'anywa.

Huko Kawangware alimfunga Twahir kifuani, ngozi kwa ngozi, akajizungushia leso mbili na sweta la mumewe juu. Alipika naye hivyo, akafua naye hivyo. Wiki ya pili, akichagua mchele, akahisi kifua cha mtoto kimetulia. Akamtoa. Midomo ilikuwa kama majivu. Alikuna wayo, wapi. Akaupiga kofi, akampuliza usoni, akaupiga tena, mpaka sauti ndogo kama ya paka ikatoka. Salme alikaa chini palepale, mchele umemwagika kote, akamshikilia kifuani hadi adhuhuri.

Kila asubuhi alijikamua maziwa ya Saleha, akayatia katika chupa iliyochemshwa, Taib akaenda nayo mjini. Wiki ya tatu chupa ikarudi imejaa.

"Dada anasema ya kopo yanamkubali zaidi," alieleza Taib. "Usijisumbue."

Septemba jua likarudi. Salme akambeba Twahir, aliyekuwa sasa na mashavu, akaenda mjini kumchukua binti yake. Saleha alikuwa amenona, wanja machoni. Khamisa hakumweka chini. Juu ya meza palikuwa na kadi ya kliniki, na Salme, aliyesoma hadi darasa la saba, akaisoma: Saleha Sharif. Mama: Khamisa.

"Wifi, hapa pamekosewa. Mtoto huitwa kwa jina la babake."

"Kwani hukuambiwa?" Khamisa alisema kwa upole, na upole huo ukauma kuliko matusi. "Taib alinipa tangu hospitali, kabla hamjaruhusiwa. Alisema nyinyi mtapata wengine."

Salme akamchukua mtoto kwa nguvu, akampa titi. Saleha akajipinda, akapiga ukelele, akageuza kichwa kuifuata sauti ya Khamisa. Aliporudishwa na kupewa chupa, akanyamaza mara moja. Maziwa ya Salme yakalowesha gauni, hayana mnywaji.

Taib aliporudi kutoka kazini jioni hiyo alimkuta amesimama mlangoni.

"Ulimtoa?"

"Dada alinilea, Salme. Ningemnyima vipi?"

"Na Twahir angekufa, mimi ningebaki na nini?"

Taib akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani.

Salme alikwenda kwa ustadhi wa msikitini, naye akamwita Sharif, na jina kwenye kadi likasahihishwa kuwa Saleha Taib. Hayo mengine, ya nani amlee mtoto, ustadhi alisema, wayazungumze nyumbani. Nyumbani hakukuwa na wa kuzungumza naye. Saleha akabaki ghorofani.

Twahir alichelewa kutembea, lakini alitembea. Mapacha walipotimiza miaka mitatu, Salme alimpeleka mjini siku ya Idi. Saleha akatoka mbio na gauni jipya, Khamisa nyuma yake akimhimiza: "Msalimie mama Twahir."

Mtoto akanyoosha mkono. "Shikamoo, mama Twahir."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Salme. Na kwa kuwa kila mtu mzima humwita mtoto yeyote hivyo, hakuna aliyegeuka kumtazama.