Dakika Tisini Kutoka Dar

Siku Minani alipofariki katika hospitali moja ya Dar es Salaam, mkewe Ildefonsa alikuwa nyumbani Nemba, akianika mihogo juu ya jabali. Simu aliletewa mbio na shemeji yake Frednand, mdogo wa marehemu. Niyibizi, mwanawe aliyekuwa akimwuguza baba huko, alilia kwanza, kisha akasema, "Mama, tunamleta kwa ndege. Dar mpaka Mwanza ni kilomita mia nane na kitu, lakini ndege inachukua dakika tisini tu."

Ildefonsa hakuelewa. Yeye akitaka kwenda Mwanza hupanda basi Biharamulo alfajiri na kushuka mchana, miguu imevimba. Iweje Dar, ambako hakuna mbali kuliko huko, iwe karibu na Mwanza kuliko Nemba?

"Dakika tisini!" alisema jirani yake Speciose, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Mbona mimi nikienda kisimani nachukua zaidi?"

"Wewe unasimama kwa kila mwenye mdomo," Frednand akamjibu. "Ndege haisimami kupakia kuku."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Frednand akapiga hesabu: ndege, halafu gari, jioni kaka yuko nyumbani. Akaita vijana wachimbe. Ildefonsa mwenyewe akawaonyesha mahali, kando ya kaburi la Iteka, binti yao wa kwanza. Kabla ya kupelekwa Dar, Minani alikuwa amemshika mkono akamwambia, "Nikifa, unilaze karibu na mtoto." Naye alimwahidi.

Shimo likaisha. Jua likaanza kushuka, na barabarani hakuna gari. Niyibizi akapiga tena.

"Bado tuko Dar, Mama."

"Ndege imeharibika?"

"Hapana. Kibali cha kumsafirisha kimechelewa, na ndege ya leo haina nafasi ya jeneza. Labda kesho. Labda keshokutwa."

"Si ulisema dakika tisini?"

"Hizo ni za hewani, Mama."

Ildefonsa akatazama juu, kama mtu aliyeelekezwa njia asiione. Kama za hewani ni hizo, za chini ni ngapi, na nani anazijua?

Lakini uani kila mtu alijua jambo moja: kaburi lililochimbwa halilali tupu. Likilala tupu, linaita mwingine wa nyumba ileile. Kabla giza halijaingia, Frednand alikata mgomba, wakaulaza shimoni, wakaufukia kama wanavyofukia mtu.

Minani alifika siku ya tatu.

"Utoeni huo mgomba," Ildefonsa alisema. "Hapo ni pake."

"Shemeji, kilichozikwa hakifukuliwi. Tukikitoa, tutakuwa tumemwita nani?"

"Nilimwahidi, Frednand."

Frednand akachukua jembe lake. Wakachimba shimo jingine, upande wa pili wa mgomba.

Padri alipomaliza sala, Ildefonsa alipewa udongo autupe. Akasimama kati ya tuta la mgomba na shimo, mkono ameufumba, akiangalia huku na huku, mpaka Speciose akamshika mabega na kumgeuza taratibu kuelekea shimoni.

Siku hizi, mtu wa Nemba akifia mbali, kaburi lake halichimbwi mpaka gari lenye jeneza liingie uani.