Kidole cha Jaji

Shemeji yangu tulimwita Jaji, na jina hilo alilistahili. Haoni tangu utotoni, na katika kiwanda chetu cha vitabu vya nukta nundu ndiye msahihishaji. Mimi ni fundi wa mtambo. Mimi napiga nukta kwenye karatasi, yeye anazipitia kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na kidole hicho kikisema ukurasa haufai, haufai. Hakuna rufaa. Ni dada mkubwa wa mke wangu, kwa hiyo hata nyumbani kesi zangu huwa zimeshaamuliwa kabla sijavua viatu.

Mwaka huo tulikuwa tunachapa kitabu cha hesabu cha shule za wasioona. Jaji akaanza kunirudishia kurasa, kwanza moja moja, halafu kwa mafungu.

"Shemeji, nukta zako zimelala," aliniambia. "Huo mtambo unaupiga au unaubembeleza?"

Nikaongeza nguvu ya mtambo. Akarudisha. Nikaongeza tena mpaka karatasi zikaanza kutoboka, na bado akasema hazisomeki. Mimi si mtu wa kuonewa nikanyamaza. Nilimwambia mbele ya wenzetu kwamba ananitafuta, na jioni ile hatukuagana. Mke wangu akaniuliza nimemfanya nini dada yake, nikalala nimenuna.

Kilichonizindua ni chai. Nilimpelekea kikombe cha bati kilichotoka jikoni muda uleule, nimekishika kwa kitambaa. Jaji akakizungushia vidole vya mkono wa kulia na kutulia navyo hapohapo.

"Siku hizi mnatuletea chai iliyopoa," akasema.

Nilimnyang'anya kikombe, nikaugeuza mkono wake. Ncha za dole gumba, kidole cha shahada na cha kati zilikuwa zimeanza kuvimba malengelenge, naye ananiuliza nina wazimu gani. Nilimwambia ameungua. Akajigusa vidole kwa mkono wa kushoto, kimoja baada ya kingine, taratibu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mvua zianze. Usiku vinakufa ganzi, naamka naukung'uta mkono. Nilisema ni nukta zako, shemeji. Nilitaka ziwe nukta zako."

"Na mkono wa kushoto?"

"Huo nimeuzoeza kushika mstari tu, kusoma haujui. Nyinyi mna macho mawili mawili. Mimi ninalo moja, liko hapa." Akainua kile kidole kilichoungua. "Likifa, nitakuwa kipofu kweli."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwogopa Jaji. Siku ile niliogopa kwa ajili yake, nikagundua kwamba hofu hii ni nzito zaidi.

Mke wangu hakuombwa ushauri, aliutoa tu. Alimjua tabibu wa uti wa mgongo na viungo, mtu wa kairopraktiki, anayetibu kwa mikono yake. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba hao kazi yao ni kuvunja watu shingo, kwa hiyo nilienda nusu kumsindikiza shemeji, nusu kumlinda. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la miwani, jambo lililomchekesha Jaji ngazi zote. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, mifupa ya mgongo ya plastiki imetundikwa msumarini, na mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini.

"Kabla sijakugusa, mama, nionyeshe unavyofanya kazi," alisema.

Nikatoa ukurasa kwenye mkoba. Jaji akasoma, yaani akajaribu. Tabibu alichuchumaa kando ya meza hadi macho yake yakawa sawa na mkono.

"Kiwiko kinaning'inia hewani," akasema. "Kifundo cha mkono umekikunja. Na unakandamiza sana."

"Nisipokandamiza sizisikii nukta."

"Na ukikandamiza?"

Jaji akafikiri. "Zinapotea zaidi."

Nilijisikia vibaya. Kumbe alivyozidi kufa ganzi ndivyo alivyozidi kukandamiza, na alivyozidi kulalamika ndivyo nami nilivyozidi kumchongea nukta kali, nikidhani namsaidia. Tulikuwa tunakiua kidole kwa ushirikiano.

Tabibu alimshika shingo, akaigeuza kwa upole huku na huku. Akateremka begani, akapita ndani ya kiwiko, akifuata kitu kwa ncha za vidole vyake huku anaeleza. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka shingoni hadi vidoleni. Kwenye kifundo cha mkono unapita katika njia nyembamba, umesongamana na kano tisa za kukunjia vidole. Kano zikivimba, mshipa unabanwa. Akafika kifundoni, akasita, akagonga kidogo kwa kidole kimoja.

Jaji akashtuka. "Shoti. Imeingia kwenye kidole cha shahada."

"Ndiye huyo," tabibu akasema, kana kwamba wametambulishwa.

Nilistaajabu, na sioni haya kusema hivyo. Bila mashine, bila kupasua ngozi, mwanamke yule alikuwa ameupata uzi ambao mimi sikujua hata kama ninao. Niliutazama mkono wangu mwenyewe, huu ninaobebea marobota ya karatasi tangu ujana. Nimefungua mitambo mingi, lakini sijawahi kuona kitu kilichopangwa kwa nafasi ndogo hivyo.

Tabibu akaibinya nyama ya chini ya dole gumba. "Hapa hapajasinyaa. Nina matumaini, lakini siahidi. Nitafanya kazi wiki sita. Nisipoona mabadiliko, nitakupeleka mwenyewe upimwe mshipa na umwone daktari wa upasuaji. Sitakuzungusha."

"Na kusoma?"

"Kidole kipumzike kwanza."

"Unanifumba jicho wiki sita."

"Ndiyo, mama."

Hakumpamba kwa maneno, na nadhani ndiyo sababu Jaji alikubali. Shingo haikuvunjwa. Tabibu aliulaza mkono kwenye mto, akavisogeza vifupa vya kifundo polepole, akakikunjua kiganja kwa vidole gumba vyake viwili, akamfundisha kuunyoosha mkono polepole ili mshipa uteleze njiani mwake. Usiku alitakiwa kulala na banzi la kitambaa lililozuia kifundo kukunjika. Kazini nilimkatia miguu ya meza kwa msumeno ili kiwiko kisining'inie.

Wiki zile zilikuwa ngumu. Meneja alianza kuuliza kama tutafute msahihishaji mwingine, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumtafuta. Mchana nilimsomea Jaji riwaya, kwa macho yangu mabovu.

"Unasoma kama mtu anayekimbizwa na mbwa," aliniambia. "Pumzika penye nukta. Wenzako tumezigharamia."

Lakini utani wake ulikuwa unapungua. Wiki ya nne aliniomba ninyamaze kabisa, akakaa ameupakata ule mkono. Nikajua anajifunza kuishi bila kusoma.

Halafu asubuhi moja alinisubiri mlangoni mwa kiwanda.

"Shemeji, shuka langu limetoboka."

"Mwambie mdogo wako akununulie jingine."

"Hunielewi. Nimelijua kwa kidole hiki." Akaniinulia kidole cha shahada. "Nimehesabu nyuzi."

Tabibu hakusherehekea. Alimpima, akasema dole gumba bado zito, kidole cha shahada kinarudi, banzi liendelee, na asome kidogo kidogo, kwa mguso wa nzi. Nami nikaurudisha mtambo kwenye nguvu yake ya zamani.

Siku alipokaa tena kwenye ile meza fupi, nilijifanya nasafisha mtambo. Kidole kilipita juu ya mistari bila kukandamiza, kikienda, kikirudi, kikienda. Miaka yote nilikuwa nimeuona mkono ule ukisoma, sikuwahi kuutazama. Karatasi nyeupe tupu, hakuna wino hata tone, na mwanamke anavuna humo hesabu nzima kwa ngozi isiyozidi upana wa punje ya mahindi.

Kidole kikasimama.

"Shemeji, njoo."

Nilienda na ubishi wangu mkononi, kwa mazoea.

"Mstari wa tatu kutoka chini. Jibu ni saba, wewe umeandika nne."

Nikachukua taa na nakala ya asili. Nilitazama, nikainama, nikatazama tena. Palikosekana nukta moja, ile inayoitenga saba na nne. Mtambo haukuiona, mimi sikuiona, na kitabu kilikuwa kinakwenda hivyo kwa watoto.

Nilikaa juu ya rundo la karatasi, nikalia.

"Sasa unalia nini?" Jaji akauliza. "Si nukta moja tu?"

"Ndiyo, shemeji. Ni moja tu."

Alinyoosha mkono, akanipapasa shavu kwa kidole cha shahada, akakifuata chozi hadi kidevuni.

"Limefika hapa," akasema, na sauti yake haikuwa ya Jaji. Kisha akanisukumia ukurasa. "Futa pua, urudie huu."