Askari Aliyeacha Lindo

Asubuhi dobi alifungua bomba la uani. Bomba likakohoa, likatema mende, likanyamaza. Ndiyo tabia yake tangu mji ujenge chemchemi ya mashujaa kule uwanjani. Akageuza beseni, akalikalia, akamsubiri mwanawe.

Mwanawe alifia vitani. Mchongaji alimtengeneza kwa shaba kutoka kwenye picha ya kitambulisho, ndiyo maana amenuna vile, wakamsimamisha katikati ya maji na bunduki begani. Kila asubuhi hushuka, hujaza ndoo mbili, humpelekea mama yake.

"Viatu!" mama alifoka. "Nimetoka kudeki sasa hivi."

"Havivuliki, mama. Vimeungana na miguu."

"Haya, kaa basi upumzike."

"Magoti hayakunjiki. Wameniunda wima."

Akamwegemeza ukutani kama ngazi. Ukuta ukapasuka kidogo, karibu na nyufa nyingine.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Shoga, kesho mwanao anipitishie na mimi ndoo moja. Nepi za wajukuu zimenishinda."

"Mwache apumue. Anasimama kutwa huyu."

Mara akaingia afisa wa manispaa, tai imelegea, uso umelegea zaidi. "Mama, kesho wageni wa heshima wanaleta mashada. Mwanao anaacha lindo."

"Nifungulieni bomba, hatakuja."

"Maji ya bomba lako ndiyo yanayoruka pale. Tukikufungulia wewe, chemchemi inalala. Mashujaa watajisikiaje?"

"Muulize. Si huyo hapo."

Afisa akamtazama askari, kisha akatazama saa. "Muda huo hatuna."

Watu wa manispaa wakamrudisha uwanjani, wakamfunga kwa bolti nene. Kila akizungusha spana, fundi wao alisema, "Samahani, afande." Kesho yake mashada yakawekwa, hotuba ikasomwa hadi mpiga tarumbeta akasinzia, na maji yakaruka juu kuliko siku zote.

Jioni dobi alikunja gauni, akaingia majini na kigoda. Mlinzi akapiga filimbi.

"Mama, kuchota marufuku!"

"Nachota kwa kigoda?"

Alikiweka nyuma ya mwanawe, akakumbuka yale magoti. Akakikalia mwenyewe, mgongo ukiegemea mguu wa shaba.

"Kesho utafulia nini?" mwanawe aliuliza, macho mbele.

"Nguo za watu zitangoja. Wewe simama tu, baba. Kukaa nitakaa mimi, kwa niaba yako."

Maji yakawanyeshea wote wawili.