Vijiko Viwili vya Chumvi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, si mchoyo wa kitu chochote isipokuwa mapishi. Ukimwomba atakupa, tena huku anacheka, ila lazima kimoja akibanie. Aliponifundisha keki, "alisahau" kusema tanuri lipate moto kwanza. Mume wangu aliila kwa heshima ya ndoa. Mama mkwe aliisukuma kando kwa ncha ya kidole.

Mama mkwe anaishi kwetu. Kupika mimi, kumfulia mimi, lakini kila akikaa mezani swali ni lile lile: "Achari ya binti yangu iko wapi?" Basi chupa la matango ya wifi litashushwa kabatini kwa heshima zote, na mchuzi wangu unapoa. Nilitaka siku moja tu, jamani, mama yule atafune tango la mkono wangu aseme tamu.

Nikameza kiburi, nikamwomba wifi. Akanijibu palepale: matango madogo, yakatwe ncha; maji yachemshwe, yapoe; kila lita vijiko viwili vikubwa vya chumvi; vitunguu saumu na pilipili manga; kisahani juu ili matango yazame, na kifuniko kisikazwe.

"Ndiyo basi?" nikamuuliza.

"Ndiyo basi, wifi."

Thubutu! Anidanganye mimi, niliyeumwa na nyoka nikiona unyasi nashtuka? Nikapiga hesabu: safari hii kabana nini? Chumvi! Nikaongeza vijiko vitatu. Kisha nikaukumbuka ule uso wake wa kucheka, nikatia na konzi moja ya kumkomesha.

Chupa lilikaa pembeni ya jiko wiki nzima, hata kapovu kamoja hakakupanda. Nikasema, ya kwangu imetulia, haina fujo ya mapovu kama ya wifi.

Jumapili wifi akaja kula. Mama mkwe alipouliza swali lake, nikamwekea bakuli langu mbele, kifua kimenijaa. Akauma. Macho yakamtoka. Akaomba maji, akaomba tena. Mume wangu naye akauma, akaanza kutazama dirishani.

"Wifi," akaniuliza dada yake, "ulitia vijiko vingapi?"

"Ulivyoniambia!" nikamkaripia.

Mama mkwe akafuta midomo. "Mwanangu, mimi ndiye niliyemsihi huyu akupe yote bila kuficha. Mpaka nikamnunia. Nilitaka nile ya kwako. Ya kwake imenichosha, saumu tupu."

Wifi akaguna. Mimi nilikosa hata pa kuweka mikono.

Mama mkwe akalisukuma bakuli langu kando kwa ncha ya kidole, akamgeukia binti yake. "Haya, itoe hiyo saumu yako."

Wifi akafungua mkoba. Chupa lilikuwemo, alikuja nalo kabisa kutoka kwake. Akahangaika na kifuniko, kikamshinda.

Akanipa mimi nimfungulie.