Niliwapa Nyarero Nzima

Nilisoma mpaka darasa la saba. Hesabu za sehemu zilishanitoka kichwani, na ramani ya Afrika nayo imebaki vipande, lakini vitendawili viko palepale. Kitendawili kina sheria zake, wala si nyingi. Mmoja anatega. Wenzake wanajaribu. Wakishindwa wanampa mji, yeye anaupokea, anajisifu kidogo jinsi alivyochinjiwa ng'ombe huko, kisha anatoa jibu. Analitoa watu wakiwa bado wamekaa. Sijawahi kuona mtu anatega leo halafu anawaambia wenzake waje kuchukua jibu miaka ijayo.

Kuna watu wamenifanyia hivyo mimi. Sura zao sizijui. Wako nchi ya mbali, wanatengeneza michezo ya simu.

Yalianza mjukuu wangu Nyangi alipomaliza chuo cha ualimu, akarudi kwangu hapa Nyarero kungoja ajira ya serikali. Asubuhi tulikuwa shambani pamoja. Jua likishakuwa kali anakaa barazani na simu yake yenye kioo kilichopasuka, anacheza mchezo unaoitwa Malango Saba. Unachezwa kwa mtandao, watu wa dunia nzima mle mle kwa pamoja. Kuna ufalme, kuna wachawi, kuna mazimwi yanayotema moto, na kuuingia ufalme huo lazima upite malango saba. Binamu yake Eunice, aliyeko Isebania ng'ambo ya mpaka, alikuwa naye kikosi kimoja. Walikuwa wanapigiana kelele kwenye simu mpaka kuku wangu wanakimbilia migombani.

Mimi nilikuwa nachambua maharage yangu, sina habari. Siku moja nikamsikia anasonya.

“Nini tena?”

“Bibi, siku ya tatu leo. Huyu mlinzi wa lango hanipitishi. Anauliza mambo ya ajabu.”

“Anauliza nini?”

Akanitafsiria kutoka Kiingereza. “Ana meno mengi na hajawahi kuuma mtu.”

“Kitana,” nikasema. Macho sikuyatoa hata kwenye ungo.

Akaandika. Simu ikapiga tarumbeta, lango likafunguka, Eunice huko Isebania akapiga ukelele kama aliyeona nyoka. Nyangi akanigeukia.

“Bibi, umejuaje?”

“Hicho walikuwa wananitega nikiwa darasa la pili. Sogea, nione huyo mlinzi anafananaje.”

Basi nikaingia kikosini. Nyangi akanitengenezea mtu wangu, mwanamke mrefu mwenye mkuki na joho jekundu, juu ya kichwa chake imeandikwa Waisiko, jina langu mwenyewe. Huyo Waisiko anakimbia milimani hata kuhema hahemi. Nilimpenda. Kitu kimoja tu kilinikera, kwamba nchi yote ile haina ng'ombe.

“Sasa hawa watu wanapigana mwaka mzima wanagombea nini?” nikauliza.

“Wanagombea taji, Bibi.”

“Taji linakamuliwa?”

Tukapita lango la nne, la tano, la sita. Mapigano yalikuwa ya Nyangi na Eunice, vitendawili vilikuwa vyangu. Mpaka tukafika lango la saba. Pale amekaa ndege mkubwa kama nyumba, ana uso wa mwanamke mzee, na amejifunika mabawa kama mtu anayesikia baridi. Akatega: “Kinakua nikikaa, kinapungua nikitembea, nikifika hakipo.”

Nikasema safari. Siyo. Nikasema kivuli. Siyo. Njaa, umande, usingizi, ukoka, vyote siyo. Nikakigeuza kwa Kikurya labda kitalegea, hakikulegea. Mwisho yule ndege akakunja mabawa, na maandishi yakatokea. Nyangi akayasoma polepole: jibu litapatikana katika Sehemu ya Pili ya mchezo.

“Na hiyo sehemu ya pili iko wapi?”

“Bado hawajaitengeneza.”

Niliona kama nimeibiwa mchana kweupe.

Huu ni mwaka wa nne. Kwanza walisema Krismasi. Krismasi ikaja, wakatoa video ya dakika mbili: mlima, ukungu, na yule ndege anafumbua jicho moja. Tuliitazama mara ishirini. Nyangi anasema nyuma ya mlima kuna kitu kinatembea, mimi nikasema wale ni ng'ombe, naye hakunibishia. Kisha wakasema Pasaka. Pasaka wakaomba radhi, eti wanaitengeneza kwa uangalifu. Wakatangaza mwezi wa nane, mwezi wa nane wakaleta nguo mpya za kuvalisha wale watu wetu, nguo za kununua. Nyangi alikuwa anasoma maneno ya wapenzi wenzetu wa mchezo wa dunia nzima, jinsi wanavyolalamika na kubembeleza, na mimi nikawa nawajua kama majirani. Kuna mmoja wa Brazili alikuwa analia kuliko mimi.

Na shemeji yangu Kornelio, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa hakosi. Huja kwa chai, hukaa kwa maneno.

“Shemeji, ndege ameshataga?”

“Kunywa chai.”

“Mimi nakwambia, hao wenyewe hawana jibu. Walikurupuka, wakatega, sasa wanahangaika kulitafuta.”

“Kornelio! Mtu hawezi kutega kitu ambacho jibu lake hana. Huo si utani tena, ni wizi.”

“Basi umeibiwa.”

Neno lake lilinikaa. Nikamwita Nyangi, nikamwambia aandike pale wanapoandikia wapenzi wote, na atafsiri nisemavyo bila kulainisha.

“Andika hivi. Mimi ni Waisiko wa Nyarero, Tarime. Nimeshindwa, nakubali. Kwetu mtu akishindwa anatoa mji. Nawapa Nyarero. Chukueni yote, na soko, na kahawa, na kanisa, na shemeji yangu Kornelio. Sasa leteni jibu.”

Nyangi aliandika huku machozi ya kucheka yanamtoka. Kufika jioni yule wa Brazili naye ametoa mji wake. Mwingine wa Ufilipino akatoa kisiwa. Siku tatu watu walikuwa wanatoa miji yao tu, miji mia tatu na kitu, mingine sijui hata kuitamka. Siku ya nne wenye mchezo wakajibu.

“Wamesemaje?” nikaruka.

“Wameweka kopa.”

“Kopa gani?”

“Kopa, Bibi. Moyo mwekundu. Basi.”

“Nimewapa Nyarero nzima, wamenipa kopa?”

Eunice akapiga simu kunipoza. “Shosho, relax. Hiyo gemu itatoka tu, si uvumilie kidogo.” Nikamwambia yeye ni kijana, avumilie kwa niaba yangu.

Sasa niseme ukweli wangu, maana kitendawili kilikuwa nusu yake tu. Mimi na Nyangi tuliahidiana kwamba lango la saba tutalifungua tukiwa tumekaa benchi moja, yeye ameshika simu, mimi nasema jibu. Na vitu tulivyokuwa tunangoja vilikuwa viwili, Sehemu ya Pili na ajira yake. Kimoja nilikuwa nakiombea kije upesi. Cha pili mdomoni nilikuwa nakiombea kama bibi yeyote, tena kanisani, tena kwa sauti. Moyoni nilikuwa nasema, Bwana, usiwe na haraka nacho sana. Mungu anisamehe. Binti wa watu amesoma, anataka kazi, na mimi nataka wa kukaa naye barazani.

Mwaka huu wenye mchezo wakatangaza tena mwezi wa nane, safari hii na tarehe kabisa. Nikaanza kuhesabu wiki. Mwezi wa saba katikati, tunapalilia mihogo, simu ya Nyangi ikalia. Akasoma, akakaa chini palepale kwenye tuta.

“Imetoka?” nikauliza.

“Majina yametoka, Bibi. Ya ajira. Nimepangiwa Issenye.”

Issenye ni Serengeti. Unakwenda Tarime mjini, unapanda basi mpaka Mugumu, ndipo utafute tena usafiri. Hakuna mtu wa kwenda huko Jumamosi na kurudi Jumapili. Nilipiga vigelegele, na vilikuwa vya kweli. Ila nilipomaliza nikarudi kwenye palizi haraka, nikang'oa na mihogo miwili isiyo na kosa.

“Bibi, ile tarehe itanikuta huko,” akasema nyuma yangu.

“Utaifungua na Eunice kwa simu. Kwani huko Issenye hakuna mtandao?”

“Tuliahidiana benchi moja.”

“Benchi litakungoja.”

Nilijibu hivyo kama mtu mzima, lakini nilijua. Ikishatoka tarehe hiyo, kila mtu duniani atakuwa na jibu. Litafika Issenye kabla yangu, kwenye simu yake mwenyewe. Naye akishakuwa na jibu, na mshahara, na marafiki wapya, atakuja Nyarero kwa ajili ya nini? Kuchambua maharage?

Asubuhi ya kuondoka Kornelio alifunga sanduku nyuma ya pikipiki, akamkemea dereva. “Mura, huyo ni mwalimu wa serikali umebeba. Mashimo yakwepe.” Nyangi alikuwa ameshapanda, ameshika begi mapajani, macho mekundu. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuaga tangu juzi yake, yakapotea yote. Kilichobaki mdomoni ni kile kile cha siku zote.

“Kitendawili!”

Akashtuka. “Bibi, sasa hivi?”

“Kitendawili!”

“Tega.”

Kuku wangu mweupe alikuwa anapita mbele ya pikipiki. Nikamtazama, maneno yakaja yenyewe. “Nina kuku mweupe. Akitaga, yai silioni. Asipotaga, naokota mawili.”

Akafikiri. “Mwezi.”

“Wapi!”

“Chumvi? Mawingu? Chaki!”

“Ualimu umeshakuingia. Siyo.”

“Haya nimeshindwa. Nakupa Tarime.”

“Sitaki.”

“Nakupa Sirari, na mpaka wote, na Isebania ya Eunice.”

“Sitaki mji. Jibu utalikuta hapa Desemba, shule zikifungwa.”

“Bibi! Si wewe uliyesema huo ni wizi?”

“Mura, washa pikipiki.”

Akaondoka anapiga kelele, anacheka na kulia kwa pamoja, mpaka kona ya kanisani bado namsikia anataja vitu: karatasi, jino, maziwa ya mgando.

Wiki ya kwanza alipiga simu mara tano. “Shikamoo, Bibi. Ni pamba?” Siyo. “Shikamoo, Bibi. Ni barua?” Siyo. Amekitega shuleni, na sasa kumbe kimeshika walimu wote. Mwalimu Werema wa hesabu anasema ni sifuri, na amekijaza ubao mzima kuthibitisha. Mwalimu mmoja mama wa makamo anasema ni kitu cha kwenye Biblia, anatafuta mstari. Mpishi wa shule hataki kusikia neno kuku.

“Nakupa Issenye nzima,” Nyangi akasema siku moja. “Na shule, na baiskeli zote za wanafunzi, na Mwalimu Werema.”

“Huyo Werema ana miaka mingapi?”

“Bibi!”

“Njoo Desemba.”

“Nakuja. Nimeshawaambia. Wamenituma nirudi na jibu, nisipokuwa nalo nisirudi.”

Mwezi wa nane ulifika. Tarehe yenyewe ilifika. Wenye mchezo wakaandika kwamba wanaomba radhi, watatangaza tarehe nyingine. Nyangi alinipigia kunipa pole akitegemea nitawaka moto.

“Waache,” nikasema. “Watu wanafanya kazi. Jambo zuri halikurupushwi.”

“Bibi, unaumwa?”

Kornelio alikuwa amekaa karibu na chai yake, amesikia yote. Simu ilipokatika akanisogelea, akashusha sauti kama wapo watu.

“Shemeji, mimi ni mtu wako. Hebu niambie tu mimi. Kuku gani huyo?”

Nikainua ungo, nikaanza kuchambua. Punje moja, punje ya pili. Akanitazama. Akanitazama tena, na taratibu mdomo wake ukafunguka.

“Huna!” akasema. “Toba! Shemeji, jibu huna!”

“Kunywa chai.”

Alicheka mpaka akaimwaga. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Ila nimemuapisha asiseme, hasa kwa Eunice, maana Eunice hana siri.

Basi ninao muda mpaka Desemba. Nimejaribu moshi, haukai. Nimejaribu usingizi, ule wa kwamba ukiutafuta huupati, ukakaribia kidogo halafu yale mayai mawili yakakataa. Usiku na mchana nakigeuza. Wale watu wa nchi ya mbali nimeacha kuwatukana, na siku Nyangi akija nitamwambia awaandikie kwamba Nyarero wabaki nayo, sidai.

Na yule kuku mweupe nimeanza kumfuatilia. Leo asubuhi ametaga nyuma ya ghala. Yai nimeliona wazi kabisa, la moto, kwa hiyo hilo nalo siyo jibu.