Vijiko Vinne vya Chumvi

Jumanne, tarehe 12 Septemba 2023, saa tatu asubuhi, mzigo wa mke wangu Aikande ulipimwa kwenye geti la mlima, mizani ikasoma kilo ishirini kamili, mwisho wa anachoruhusiwa mpagazi. Tulipopita kona ya kwanza msituni, ambako watu wa getini hawaoni, nikamwongezea kilo nne kwa mikono yangu.

Ndivyo tulivyozoea. Kampuni inapunguza wapagazi, mizigo haipungui, na wakubwa wanajua lakini wanatazama pembeni. Mimi nilikuwa mnyapara wao. Bosi wetu, Filbert, alishanipa maneno ya kutuliza watu: ukipanda unakuwa mbali na katikati ya dunia, mvuto unapungua, mzigo unakuwa mwepesi. Eti ni sayansi. Mimi niliyeishia darasa la nne ningembishia na nini?

"Huko juu unapungua, Mama Brenda," nikamwambia.

"Basi nikifika kambini nitaupuliza tu," akasema, akainama nimtwike.

Mpagazi mmoja akadakia, "Baba Brenda, na hilo tumbo lipandishe basi, tuone."

Wakacheka. Mimi nilibeba begi la kilo nane.

Siku ya tatu, kambi ya juu, mapafu yake yakajaa maji. Machela iliachwa chini ili kupunguza uzito. Alikata roho mgongoni kwangu tukiteremka, wala hakuwa mwepesi.

Msibani nilimwita Filbert mwongo mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Watu wakanipa pole. Nikazipokea.

Juzi nilikuwa napalilia migomba karibu na kaburi pamoja na binti yetu Brenda, yuko kidato cha tano. Nikamwuliza habari ya ule uongo. Akachora tarakimu kwenye udongo kwa kijiti.

"Hakudanganya, Baba. Mvuto unapungua kweli. Ila toka getini mpaka ile kambi, kilo ishirini na nne zinapungua kama gramu ishirini tu."

"Ndiyo kiasi gani hicho?"

"Vijiko vinne vya chai, vya chumvi."

Nilishindwa kumtazama. Ungekuwa uongo, ungekuwa wa Filbert. Zile kilo nne ni zangu.

Brenda akafuta hesabu yake kwa mguu, taratibu.

"Mama alimaliza kidato cha nne," akasema. "Fizikia alifaulu. Pale alipoinama umtwike, Baba, alikuwa amekuamini, au alikuwa anakusitiri mbele ya watu?"