Kengele ya Shemeji

Wapo wanaopata kijiba cha roho kwa ajili ya nyumba ya jirani, na wapo wanaokipata kwa ajili ya mume wa mtu. Miwani alikipata kwa ajili ya programu ya kompyuta, na asikudanganye mtu, kiliuma vilevile.

Jina la Miwani alipewa hewani, na watu wa redio ya ridhaa. Hao ni watu wenye leseni na mitambo yao wenyewe majumbani, wanaowasiliana kwa mawimbi kwa raha zao tu, na kila mmoja wao ana jina la utani. Yeye waliangalia kazi yake wakambandika hilo. Alikuwa na duka dogo la miwani: mbele kiti cha kupimia macho na ubao wa herufi, nyuma ya pazia mashine ya kusagia vioo, na juu ya mashine, kwenye rafu iliyojaa vumbi jeupe, redio na kompyuta. Mteja akitoka, pazia linafungwa na mama wa watu anarudi kwa mpenzi wake.

Mpenzi mwenyewe aliitwa Tarishi. Ni programu inayochukua maandishi, ikayakata vipande vidogovidogo, ikavirusha kwa redio, na huko vinakofika ikaviunga tena neno kwa neno. Haihitaji simu wala mtandao. Ukiwa na redio, kompyuta na waya wa kuviunganisha, barua yako inaruka kituo hadi kituo mpaka imfikie mwenyewe. Tena ilikuwa programu huria: msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi, anayetaka ausome, anayeweza aurekebishe.

Aliyeitunga ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake, ambaye hewani walimwita Mwasisi. Aliitunga ujanani, watu wakaipenda, kisha akapata kazi kubwa ya mifumo ya benki na Tarishi akaitupa. Hata kuaga hakuaga. Maombi ya msaada yakarundikana bila jibu. Kompyuta mpya zikaja, Tarishi ikawa haiwaki. Miwani naye alinunua kompyuta mpya, akakuta Tarishi imegoma, akampigia shemeji simu.

"Aa, shemeji, hayo mambo nilishayaacha," Mwasisi alimwambia. "Nywila nitakutumia. Ukiweza, chezea tu."

Basi akaichezea miaka nenda miaka rudi. Alijifunza kusoma msimbo huku vioo vya wateja vikipoa kwenye mashine. Alirekebisha ile hitilafu ya herufi kugeuka alama za kuuliza. Alitengeneza ile ya barua kufika mara mbilimbili. Iko moja iliyomtoa jasho zaidi ya zote, ya Tarishi kukata tamaa mapema kila kituo cha mbali kilipofifia. Hiyo aliibeba kichwani mpaka jikoni, akaunguza sufuria, mume akala mkate mkavu bila kuuliza.

Na watu wa redio walisemaje? Walisema hivi: "Miwani, hebu mwambie shemeji yako barua zangu zinakuja mbilimbili."

Huyo alikuwa Daktari wa Mifugo, mwenyekiti wao, mtu mwenye sauti nene na subira ndogo. Mara ya kwanza Miwani alinyamaza kwa heshima. Huwezi kumvua shemeji yako nguo mbele za watu. Baadaye alinyamaza kwa kusubiri, akijisemea kwamba watakuja kujua wenyewe. Hakuna aliyejua. Akitengeneza, Daktari anarudi hewani: "Mwambie shemeji ahsante, ametuokoa." Na Miwani anajibu, meno yameumana, kwamba salamu zitafika. Ikafika mahali kusema kweli kungeonekana ni kujigamba, na kutosema kulikuwa kunamkaa kooni.

Hayo yote aliyavumilia kwa sababu mwenyewe Mwasisi hakuwepo. Kumwonea wivu mtu asiyekuwepo kunachosha, mtu huzoea. Kisha Mwasisi akarudi.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa mama mkwe, familia nzima imezunguka meza yenye kitambaa cha plastiki. Shemeji alitangaza kwamba ameacha kazi ya benki, kichwa kimechoka, na sasa anarudi kwenye mapenzi yake ya zamani.

"Tarishi?" mama mkwe alidakia, uso umemng'aa. "Ile uliyoitengeneza umekaa kwenye kochi lile pale, chai inapoa mpaka naimwaga? Huyu mwanangu ana kichwa, nyie!"

"Ndiyo hiyo, mama. Jana nimeifungua kuitazama. Nilidhani nitakuta imeoza." Mwasisi alitikisa kichwa kwa furaha ya kweli. "Kumbe wapi! Imejiendea vizuri tu miaka yote hii."

Imejiendea! Mwenzangu, taja kitu kimoja unachokijua kilichowahi kujiendea. Nguo hazijifui. Mtoto hajinyonyeshi. Miwani alishika kijiko chake mpaka vidole vikauma, akatabasamu, akamwongezea shemeji maji. Mume wake aliinamia sahani kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka humo. Yeye alijua kila kitu.

"Si ungesema," alimwambia mkewe walipokuwa wanarudi.

"Ungesema wewe! Si kaka yako?"



Mwasisi hakukaa bure. Wiki ile ile aliandika kitu kipya, akakipeleka kwa Miwani kwa upole wote ili akiingize kwenye programu, maana funguo bado zilikuwa kwake. Kitu chenyewe kilikuwa kengele. Barua ikifika, Tarishi inalia ting! Basi. Hakuna kingine. Kazi ambayo Miwani angeifanya huku anamsubiri mteja asome mstari wa chini wa ubao.

Mwasisi aliwasimulia wenzake hewani, na hapo ndipo sifa zilipomwagika. "Mwenyewe karudi!" "Kengele! Ndicho kitu tulichokuwa tunakikosa!" "Mwasisi, mkono wako haujachuja!" Daktari wa Mifugo alisema kwamba sasa hata akiwa zizini atajua barua imeingia, na kwamba huo ndio uzuri wa mambo kushikwa na mwenye kuyajua. Miwani aliyasikia yote nyuma ya pazia lake, mkono kwenye mashine, na kioo cha mteja akakisaga kupita kipimo, ikabidi aanze kingine.

Roho ilimuuma, siwezi kusema uongo. Ilimuuma akiwa anakula na ilimuuma akiwa anapima watu macho. Alijiuliza kengele ina nini ambacho miaka yake haina. Akaapa kwamba naye atawaletea kitu cha kuonekana, kitu ambacho hata Daktari atauliza nani kakifanya.

Akaamua kuwaletea kasi.

Hapa lazima uelewe jambo moja. Redio hizi zote hutumia njia moja ya hewani, na vituo viwili vikisema kwa pamoja hakuna kinachosikika. Kwa hiyo Tarishi husikiliza kwanza. Hata ikikuta kimya, hairuki papo hapo: kila kituo hujipigia kura kimyakimya ya muda wa kusubiri, hiki kikasubiri kidogo, kile kikasubiri zaidi, na hivyo hupishana. Mwasisi alipokuwa kijana aliweka onyo juu ya mistari hiyo ya msimbo: *USIGUSE HAPA.*

Zamani Miwani alipita hapo kwa adabu. Safari hii onyo lile lilimchefua. Nani anamwambia asiguse? Mtu aliyetupa nyumba, leo maandishi yake mlangoni yamzuie asiyeitupa asiingie? Na kusubiri kwenyewe ni kwa nini, wakati njia ni nyeupe? Akaifuta ile kura. Sasa Tarishi ikisikia kimya, inaruka saa ile ile.

Alijaribu kati ya dukani na nyumbani, mume akiwa upande wa pili. Ilikwenda kama risasi.

"Mke wangu, hii ni moto!" mume aliandika.

Ijumaa akatoa toleo jipya lenye mambo mawili, kengele na kasi. Watu walilipakua kwa pupa, kwa ajili ya kengele bila shaka.

Jumamosi alasiri ndiyo siku ya kikao chao hewani. Mwenyekiti hutuma maandishi ya kuwakaribisha, na kila kituo hujibu kwa salamu. Miwani alikuwa na mteja siku hiyo, mwanamke aliyekuja kuchukua miwani ya kusomea. Alimketisha kwenye kiti, akamwomba radhi kidogo, akapita nyuma ya pazia asikilize ushindi wake.

Karibisho la Daktari lilipita safi. Hewa ikawa kimya. Kisha vituo vyote, kila kimoja kilichokuwa na Tarishi mpya, vikaruka kwa pamoja. Spika ilikoroma. Kimya tena. Vikaruka tena, vyote, kwa pigo lile lile. Hakuna barua iliyofika, hakuna kengele iliyolia. Kila kituo kilisikia kimya kile kile na kila kimoja kilikimbilia mlango huo huo, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Miwani alielewa kabla spika haijakoroma mara ya tatu. Alikuwa amejaribu kwa vituo viwili, mmoja anasema na mwingine anajibu, mahali pasipo na wa kupishana. Akakaa kwenye boksi la fremu.

Wenzake walihamia kwenye mazungumzo ya sauti, na Daktari wa Mifugo alikuwa ameshapandwa na hasira. "Ni ile kengele! Tangu iingie ndiyo haya. Mwasisi, umetufanyia nini, bwana?"

Simu ya Miwani iliita. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, nimeona," Mwasisi alisema taratibu. "Ni ile kura, sivyo? Usijali kabisa. Wanadhani ni mimi, waache wadhani hivyo hivyo. Mimi wamenizoea, watanisamehe. Wewe rudisha kimyakimya tu."

Alisema kwa wema. Hata Miwani alijua ni kwa wema, na hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea bila aibu. Akinyamaza, jioni atarudisha mistari ile, na hakuna atakayejua kwamba mkono wake uliwahi kufika hapo, wala kwenye hili wala kwenye mengine yote. Akisema, watamjua leo kwa mara ya kwanza, katika siku pekee aliyoiharibu Tarishi.

Redioni, Mwasisi alishika zamu. "Jamani, nisameheni. Kosa ni langu. Nimekaa nje muda mrefu, mkono umekuwa mzito."

"Muungwana huyo!" Daktari alilainika palepale. "Ndiyo maana tunakuheshimu. Wangapi wanakubali kosa? Wazee, mpigieni makofi."

Makofi! Damu ilimpanda Miwani mpaka masikioni. Sifa amechukua. Shukrani za miaka yote amechukua bila kuziomba. Sasa hata kosa, kosa ambalo Miwani amelifanya kwa mikono yake mwenyewe, nalo linamvika mwenzake kilemba? Alinyakua kipaza sauti.

"Hapana! Kosa ni langu! Yeye kaleta kengele tu. Aliyefuta kura ni mimi, Miwani."



"Wewe?" Daktari aliuliza. "Umeigusaje, Miwani? Shemeji alikuruhusu?"

"Sijaomba ruhusa ya mtu. Ninaishughulikia mimi tangu alipoiacha. Barua zako zilizokuwa zinafika mbilimbili, Daktari, nilizitengeneza mimi. Herufi zilizogeuka alama za kuuliza, mimi. Vituo vya mbali, mimi. Kila mliposema mwambie shemeji, mlikuwa mmeshamwambia anayehusika. Na leo nimewaharibia kikao kwa wivu, na huo pia ni wangu."

 Aliyejibu kwanza ni Mwasisi, sauti imepungua. "Ni kweli. Mimi sikugusa hata herufi moja mpaka kengele. Na pale nyumbani kwa mama nilisema imejiendea. Shemeji, mimi—"

"Shemeji, niache kwanza," Miwani alimkatiza. "Hii zamu ni yangu."

Na ilikuwa yake kweli, maana Daktari wa Mifugo alivuta pumzi, akaanza. Kwamba mtu gani anatoa toleo jipya siku moja kabla ya kikao. Kwamba onyo limeandikwa kwa herufi kubwa, na yeye muuza miwani haoni? Kwamba angejaribu kwa vituo vingi kwanza, angeuliza, angewaambia mapema kwamba ni yeye, wasingemsumbua Mwasisi bure. Akamaliza yeye, akadakia mwingine, na mwingine, kila mmoja na lake, na wote wakianza kwa jina moja: Miwani, Miwani, Miwani.

Mwanamke wa miwani ya kusomea alichungulia pembeni mwa pazia. Alimkuta mwenye duka amekaa kwenye boksi, kipaza sauti mapajani, machozi yanamtiririka na meno amekenua.

"Mama, kuna nini? Mbona wanagombana hivyo?"

"Hawagombani," Miwani alisema, akijifuta kwa kitambaa cha vioo. "Wananisema mimi."